Mbao za Mafinga, jua la Dodoma

Wiki hii nina mbao 140 za 2x2 (inchi 2 kwa 2) zimelala kivulini kwenye kiwanja kimoja pale Nzuguni, Dodoma, na mwenye nyumba ananipigia simu kila jioni. "Fundi, mbona mbao zimelala tu?" Ni mama mtu mzima, anaongea kwa upole, lakini nasikia kabisa kuwa moyo wake hauna amani. Nyumba imeshapauliwa, nyaya za umeme zimepita, fundi wa jipsam ameshachukua advansi. Mimi seremala, niliyebakiza kupiga blandaring tu, yaani viboksi vya mbao vinavyoshikilia bodi za jipsam za dari, ndiye ninayesema tusubiri. Nimeona niandike sababu zangu hapa zote kwa pamoja, maana mwaka huu nimeshazieleza kwa watu wengi, na kila nikieleza kwenye simu kuna kitu nasahau.

Watu wakisikia seremala wanafikiria kitanda, kabati, meza ya kulia chakula. Hizo sifanyi siku hizi. Kazi yangu ni zile mbao zinazokuja kufunikwa: kenchi na papi za paa, fremu za milango kabla ya plasta, blandaring ya dari, vipande vya kushikia pangaboi. Nikimaliza, nyumba bado ni mifupa mitupu, mbao hazijapigwa randa, alama za penseli ziko kila mahali. Ndipo wanaingia wenzangu wa plasta, wa marumaru, wa jipsam na wa rangi. Siku ya kuhamia wao ndio wanaosifiwa, na sina kinyongo. Kinachoniuma ni pale wanapolaumiwa kwa kosa nililolifanya mimi kabla hata hawajafika.

Nilijifunza kwa baba mdogo, Mafinga, kuanzia mwaka 2003 nilipomaliza darasa la saba. Mafinga ni mji wa mbao. Msitu wa Sao Hill uko huko huko Mufindi, msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote nchini, misindano na mikaratusi mpaka macho yachoke. Baba mdogo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na neno moja, na alilisema nikiwa nimeshika tepu mkononi: "Acha nafasi ya mwenzio." Mwanzoni nilidhani ananifundisha adabu. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba anazungumzia vipimo.

Chukua fremu ya mlango. Ukuta umejengwa kwa tofali la inchi 5. Ukiupima leo unapata inchi 5. Lakini plasta inakuja, nusu inchi upande huu na nusu inchi upande ule, kwa hiyo ukuta wa kweli ni inchi 6, ndiyo maana tunatengeneza fremu kwa mbao ya 2x6. Seremala mgeni wa kazi anaiweka fremu sawa na uso wa tofali upande mmoja, kwa sababu jicho linapenda vitu vilingane. Plasta ikifika, upande ule inaimeza fremu, na upande wa pili fremu inatokeza kama ulimi. Fundi plasta hana la kufanya. Analazimika kuikunja plasta taratibu ifuate fremu, na usiku ukiwasha taa unaona ukuta una tumbo kando ya kila mlango. Mwenye nyumba atasema fundi plasta hajui kazi.

Chini ni hivyo hivyo. Sakafu unayoikanyaga wakati wa ujenzi siyo sakafu. Juu yake kuna mchanganyiko wa kusawazisha, kuna gundi, kuna kigae. Mimi huacha inchi 2, ila kwanza namuuliza mwenye nyumba ameshanunua vigae gani, na kama hajanunua namwomba aamue angalau unene. Nisipouliza, mlango utakuja kukatwa chini, na mlango wa mninga uliochongwa vizuri halafu ukakatwa miguu ni kitu kinachonisumbua mpaka usingizini.

Kuna ubao mmoja ambao naomba kila mtu anayejenga aujue. Fremu ya mbao haina kizingiti cha chini, ina miguu miwili tu. Kwa hiyo tunapigilia kipande cha mbao kati ya miguu, chini kabisa, na kingine katikati, ili ukuta usiisukume fremu ikabinyika. Vile vipande vinatakiwa vibaki mpaka ukuta na plasta vikauke. Sasa vijana wa zege wanakuja na toroli, toroli haipiti, wanang'oa kile cha chini, wanapita, hawarudishi. Nyumba moja pale Nkuhungu nilikuta milango mitatu ya ndani imebinyika katikati kwa nusu inchi. Fundi wa milango alikuwa ameshakata milango yote kwa kipimo kimoja. Tangu siku hiyo naacha mlango mmoja wazi kwa ajili ya toroli, bila fremu kabisa, na ule nauweka wa mwisho.

Paa sitalisemea sana, maana kila mtu analiogopa paa, na kitu kinachoogopwa huwa kinaangaliwa. Niseme tu kwamba upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane na wa tisa hauna mzaha, na ule mkanda wa chuma unaofunga mbao ya juu ya ukuta na lenta, ile zege inayozunguka juu ya kuta, siyo pambo. Msumari peke yake haushiki paa.

Turudi kwenye mbao zilizolala.

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, wizara zikiwa zinahama kutoka Dar es Salaam, kila mtaa watu wanajenga. Nilijiona nimekuja na ufundi wangu mzima. Kitu ambacho sikukifikiria ni hewa. Mafinga asubuhi kuna ukungu, kuna baridi ya kuvaa koti mwezi wa sita, mbao ikikaa nje inakauka polepole kama mtu anayepona. Dodoma mvua ni za Desemba mpaka Aprili hivi, na mwaka wa kawaida hata milimita 600 hazifiki. Miezi mingine yote ni jua na upepo mkavu. Mbao inapakiwa Mafinga, lori linapita Iringa, linashuka Mtera, na kesho yake mbao iko Dodoma.

Na hiyo mbao haijaloa kwa sababu ya mti wake tu. Mbao "yenye dawa", ile yenye rangi ya kijani kibichi kwa mbali, imeingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma na dawa ikasukumwa ndani yake kwa shinikizo. Dawa hiyo imeyeyushwa kwenye maji. Kwa hiyo hata kama mbao ilianza kukauka kabla, inatoka kwenye mtungi imelowa tena mpaka ndani. Watu wanasikia "imetibiwa" wanadhani maana yake imekamilika. Imetibiwa dhidi ya mchwa na kuoza. Kukauka bado.

Mbao ikikauka inapungua unene na upana. Urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. 2x2 yangu inapoteza kama milimita 2. Mbao ya inchi 6 inaweza kupoteza nusu sentimita na zaidi. Kama ingepungua kwa usawa kila mahali ingekuwa nafuu, lakini msindano wa shambani unakua haraka na kukatwa ukiwa kijana, na zile mbao zilizopasuliwa karibu na moyo wa mti hujisokota kama nguo inayokamuliwa. Utazijua ukitazama kichwa cha mbao: ukiona duara dogo la pete za mti, kama jicho, hiyo ndiyo itakayokusumbua. Mimi hizo nazitenga nizikate vipande vifupi, maana kipande cha futi moja hata kikijisokota hakina nguvu ya kuvuta kitu.

Mwaka 2019, Ilazo, nilipata kazi ya nyumba ya vyumba vinne. Mwenye nyumba alikuwa na haraka, familia inahamia kabla ya shule kufunguliwa. Lori lilishusha mbao Jumatano, Alhamisi asubuhi nikaanza kupiga blandaring. Mbao zilikuwa nzito mpaka kijana wangu alibeba tatu badala ya sita, na msumari ukiingia unatoa kijimaji pembeni. Niliona. Sitasema sikuona. Nilifanya kazi safi, kila kitu kwenye mstari, nikapima kwa pima maji dari nzima, nikalipwa, nikaondoka. Wiki iliyofuata fundi wa jipsam akapanda na bodi zake, akaziba maungio kwa tepu ya nyavu na poda, akapiga msasa, rangi ikafuata. Dari ilikuwa nyeupe kama yai.

Miezi mitatu baadaye nilipigiwa simu, wala haikuwa ya kunilaumu. Mwenye nyumba alitaka nimtafutie fundi mwingine wa jipsam, kwa sababu yule wa kwanza "ameharibu". Nikaenda kuangalia. Sebuleni kila ungio lilikuwa na ufa mwembamba, mrefu, umenyooka kama umechorwa na rula. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimesukuma poda vikachungulia kama chunusi. Chumba cha watoto dari ilikuwa na wimbi. Nilipanda darini na tochi. Mbao zangu zilikuwa zimekauka huko juu, chini ya bati la Dodoma, kwenye joto unalolijua mwenyewe, na zilikuwa zimepinda kila moja na upande wake. Bodi zilikuwa nzima. Kazi ya mwenzangu ilikuwa nzima. Mbao ndizo zilizotembea, zikaenda na kila alichokuwa amekifunga juu yake.

Nilishuka nikamwambia mwenye nyumba ukweli, na jioni ile nikampigia yule fundi wa jipsam, ambaye alikuwa ameshanyimwa malipo yake ya mwisho. Tulirudia sebule na vyumba viwili, mbao kwa gharama zangu. Ilinichukua karibu mwaka kusimama tena. Yule fundi ndiye huyo huyo niliye naye leo Nzuguni, na hajaniuliza hata mara moja kwa nini tunasubiri.

Sasa mbao zikifika nafanya hivi. Naziinua juu ya tofali, hazigusi ardhi. Kila baada ya futi 2 naweka vipande vidogo vya kuzitenganisha, safu kwa safu, vipande vikipangana wima kutoka chini mpaka juu, ili hewa ipite na mbao isipate mahali pa kulegea. Juu kabisa naweka tofali za uzito. Na zinakaa kivulini. Wengi wanazianika juani wakidhani wanaharakisha, kumbe uso unakauka, ndani maji bado yapo, mbao inapasuka vichwa na kupinda. Vichwa navipaka mabaki ya rangi ya mafuta, maana maji hutoka haraka zaidi kwenye vichwa kuliko ubavuni.

Nitajuaje zimekauka? Kifaa cha kupima unyevu sina. Nina mzani wa kuning'iniza, kama ule wa wauza samaki. Nachagua mbao tatu, naziwekea alama, na kila Jumamosi nazipima. Moja ya hizi za Nzuguni, ya futi 12, ilianza na kilo 6.8. Jumamosi ya pili kilo 5.6. Ya tatu kilo 4.8. Ya nne kilo 4.4. Juzi ilikuwa kilo 4.3. Ikipita wiki nzima bila kupungua, basi imeshakubaliana na hewa ya hapa, na hapo ndipo napanda ngazi. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, na ningekuwa naijua mwaka 2019 ningeokoa fedha nyingi na heshima ya mwenzangu.

Halafu kuna vipande vinavyobaki. Hapa naomba unisikilize hata kama hujengi. Dawa inayotumika sana kwenye hizi mbao za kijani ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Ndani ya mbao imeshikiliwa vizuri, haikudhuru ukigusa dari yako, lakini ukiichoma inatoka kwenye moshi na inabaki kwenye majivu. Na vipande vya site ndivyo kuni rahisi kuliko zote. Mwaka juzi kijana wangu, kwa roho nzuri kabisa, alimpelekea mama lishe wa jirani kiroba kizima. Nilipita asubuhi kunywa chai nikaona rangi ile ya kijani chini ya sufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu chai."

"Mama, kuni hizi umeshapikia chakula?"

"Maji ya chai tu. Kwani zina nini? Zinawaka vizuri hizi."

Nilimweleza hapo hapo, nikazima moto, nikakusanya kiroba na majivu. Hakukasirika, alishtuka. Nilimnunulia mkaa wa siku ile, na siku hizi nikikata fremu za mninga, ambazo hazijatiwa dawa, namwekea vipande. Vya kijani tunavifukia kwenye shimo mbali na kisima na bustani. Vijana wangu wanafunga pua wakikata, na hakuna anayekula kabla hajanawa kwa sabuni. Kuna mafundi wananiona nazidisha. Wacha wanione.

Kazi yenyewe ya blandaring ikianza, huanzia chini na siyo juu. Nachukua mpira mwembamba unaoonesha maji, tunatoa mapovu yote, na kutoka alama moja tunapiga alama ya mita 1 juu ya sakafu ijayo kwenye kila kona ya kila chumba. Kila fundi atakayekuja ataanzia kwenye alama hizo. Kisha napima chumba kutoka kona mpaka kona. Sebule ya futi 16 kwa 14 inatakiwa kutoa futi 21 na inchi 3 hivi pande zote mbili. Zikipishana, chumba kimekaa mshazari, na ni heri niijue leo kuliko fundi wa jipsam aijue akiwa ameshika bodi kichwani.

Na bodi namuuliza kwanza ni za kipimo gani. Hili dogo limewaangusha wengi. Tunapiga viboksi vya futi 2 kwa futi 2 kwa sababu bodi ni futi 4 kwa 8. Lakini ziko bodi za milimita 1220 kwa 2440, na ziko za 1200 kwa 2400. Macho hayaoni tofauti. Ukipanga kwa futi halafu zikaja za 1200, bodi ya kwanza tu urefu wake unapungua karibu sentimita 4 kufikia mbao, na mbao yote ina upana wa sentimita 5. Ungio linaanguka hewani. Mwenzako ataongeza vipande kichwa chini, shingo imepinda, na hatakulipisha, atakulaani tu.

Misumari natumia ya inchi 4, na kila mmoja naugonga ncha kwa nyundo uwe butu kabla ya kuupiga. Ncha kali inaisukuma mbao pande mbili ikapasuka. Ncha butu inaponda njia yake mbele na kupita. Baba mdogo alinifanya nigonge ncha za misumari siku nzima kabla hajaniruhusu kupiga hata mmoja.

Pangaboi linahitaji kipande cha 2x4 kinachovuka kati ya kenchi mbili, katikati ya chumba, na fundi umeme awepo tukikiweka. Korido inahitaji kiboksi kimoja kilichoimarishwa pande zote nne kwa ajili ya mlango wa kupandia darini. Nikimaliza kila chumba nalaza tepu chini ya mbao, napiga picha kwa simu, namtumia mwenye nyumba WhatsApp. Miaka mitano ijayo akitaka kutundika kitu atajua mbao iko wapi.

Jana jioni yule mama wa Nzuguni alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu. Nikamtundikia mbao yenye alama kwenye mzani, akavaa miwani, akasoma. Kilo 4.3. Nikamwonesha daftari, Jumamosi zote tano. Akaipitisha mbao mkononi kama anakadiria uzito wa mtoto, akaniuliza, "Kwa hiyo Jumamosi hii ikisoma hivi hivi?"

"Jumatatu napanda, mama."

Akalifunga daftari, akaenda kuangalia vigae vyake.